Goti Nililopiga Kwenye Meza ya Poka

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilianza nikiwa nimesimama nyuma ya mlango wa chumba changu kule kitongojini Rågsved, koti limefungwa, viatu viko miguuni, na miguu yenyewe imegoma. Usicheke. Jana uliniambia umeshinda kwenye simu nafasi ya kucheza mashindano ya poka mjini, yale ya watu kukaa mezani. Nilipokuuliza kama unajua tofauti, ukanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yako, kwamba karata ni zilezile. Nami katika umri wako ningejibu hivyohivyo. Basi keti nikuchoshe kidogo.

Unanijua mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu siku hizi, ukiacha ya kazini, ni kutoka kwenye kochi hadi kwenye birika. Ujanani nilikuwa na hali mbaya zaidi. Nilikuwa nafanya usafi wa ofisi, kazi niliyoichukia kwa sababu moja tu, kwamba ilikuwa nje ya nyumba. Nikirudi najifungia na kompyuta, nimejifunga khanga na soksi za sufu, nacheza poka mtandaoni, na huko nilikuwa simba. Nikitetemeka hakuna anayeona. Nikashinda nafasi kama hii yako, nikaweka nadhiri: nikifika siku ya pili ya mashindano, wanakoanza kulipa pesa, naacha kazi, nitacheza nikiwa chumbani maisha yangu yote, na sitoki tena.

Bibi yako hakujua lolote. Angejua binti yake anacheza karata, angeniletea kwaya nzima ije kuniombea.

Nilifika ukumbini nimelowa jasho, na nje kuna theluji. Kilichonitisha kwanza ni sauti. Watu wote walikuwa wanachezea chipu zao, yale maduara ya kuwekea dau, zinagongana kama wadudu kwenye dari. Kisha macho. Nyumbani wapinzani wangu walikuwa majina na picha za paka. Hawa walikuwa na pua, walikuwa wanapumua, na walinitazama shingoni, pale mshipa unapopiga. Nikaongea kabla ya zamu yangu. Nikasukuma chipu kidogo, halafu nikaongeza, na dada aliyekuwa anagawa karata akanirudishia zile za pili. Hapa unataja kiasi kwanza, akasema, au unasukuma mara moja. Kompyuta haikuwahi kuniachia nafasi ya kukosea hivyo. Ndipo nilipojua ni mambo mangapi ilikuwa inanifanyia.

Hata hivyo nilidumu, mpaka nikapata wafalme wawili, karata za nguvu. Nikasukuma chipu karibu zote, kwa mpigo mmoja. Jamaa mwenye ndevu akaweka zake. Tukawa tunasubiri karata za katikati, zile za wote zinazofunuliwa mezani, nami nikaanza kuona siku ya pili, nikaona mlango wangu umefungwa raha mustarehe. Wakati huohuo meza ya jirani ikafungwa kwa kupungukiwa wachezaji, na mchezaji mmoja akaletwa kwetu, kabeba chipu zake kwenye trei. Akasimama kando ya kiti changu. Alikuwa Mzee Mukasa.

Mzee Mukasa alikuwa Mganda aliyekimbia kwao zamani, akaishi Bukoba kabla ya kuja huku, na kanisani alikuwa anakaa benchi moja na mama. Sasa, mwanangu, sisi mabinti wa Kihaya hatukufundishwa mambo ya poka. Tulifundishwa kwamba mzee akisimama mbele yako, unapiga goti. Kichwa changu hakikuulizwa. Niliteleza kutoka kwenye kiti, goti likagusa zulia, nikampa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akaitikia. Kisha kwa sauti ya chini: "Mtoto, karata zako."

Nilipogeuka, yule dada alishazikusanya. Karata isiyolindwa na mkono wa mtu alidhani imetupwa, na ikishaingia kwenye rundo haitoki. Chipu zangu zikaenda kwa mwenye ndevu, naye akawa ananiuliza kama naumwa. Zilizobaki hazikufika mbali. Wala Mzee Mukasa hakukaa sana baada yangu.

Tulirudi naye kwa treni moja, mimi wa Rågsved, yeye wa Hagsätra, kituo cha mbele yangu, mwisho wa reli.

"Utamwambia mama?" nikamuuliza.

"Nimwambie nilikuona nikiwa wapi?"

Nikacheka, mara ya kwanza siku ile. Naye akanitania: "Goti lako zuri. Ila siku nyingine salimia kwa mkono mmoja, mwingine uache juu ya karata. Mungu ataelewa." Halafu akauliza ningefanya nini kama ningeshinda. Nikamweleza nadhiri yangu. Uso wake ukabadilika.

"Mimi niliishi hivyo," akasema. "Siku moja nilikuwa kwenye mashindano, nyumbani, peke yangu. Nikaanguka jikoni, upande mmoja wa mwili hauitiki. Kompyuta naisikia. Zamu yangu ikifika inalia, ting. Inasubiri kidogo, inanitupia karata yenyewe, inagawa tena. Ting. Dau langu inaniwekea. Ilinichezea mpaka nikatolewa, niko sakafuni, na hakuna aliyeuliza Mukasa yuko wapi. Aliyenikuta ni fundi wa mabomba."

"Ndiyo maana unakuja ukumbini?"

"Pale kiti kikiwa kitupu kinaonekana. Hata yule mwenye ndevu angeuliza." Akatazama dirishani. "Basi Mungu ashukuriwe kwa goti lile."

Treni ikasimama Rågsved na mimi sikuinuka. Nilikifikiria chumba changu, nikaisikia ile ting, nikaogopa kuliko nilivyoyaogopa macho ya watu. Nikaenda naye mpaka Hagsätra, nikamchemshia chai. Tangu hapo kila Jumamosi nilikuwa napitiliza kituo changu, nikinung'unika njia nzima. Na kazi sikuiacha. Bado naichukia.

Kwa hiyo nenda, mwanangu, sikukatazi. Mkono usitoke juu ya karata, hata akiingia askofu. Taja kiasi kabla ya kugusa chipu. Ukimkuta mtu wa kwetu mezani, Kiswahili chako kiache mpaka karata zikusanywe, wasije wakadhani mnapeana siri. Ukitetemeka, tetemeka, wataona, na hutakufa. Ninachokukataza ni kimoja: usijijengee maisha ambamo unaweza kuanguka na mashine ikaendelea kukuchezea, wala mtu asijue. Ukitoka huko pita kwangu, umeshinda au umeshindwa. Birika litakuwa motoni, na ukichelewa nitavaa koti, mimi huyuhuyu, nije kukutafuta.

Mungu akupe karata nzuri. Na akikunyima hizo, asikunyime mtu wa kuuliza uko wapi.