Samaki Mbichi wa Yaya Yusufu

Juzi nilifungua chupa ya mafuta ya ufuta hapa kwangu Bujumbura, na harufu yake ikanipandisha hasira kabla sijajua namkasirikia nani. Mnisamehe, wasomaji wangu. Wengine harufu huwakumbusha uji wa bibi. Mimi ile hunikumbusha siku niliyopepea wali.

Ndiyo, wali. Nilikuwa na miaka kumi, nyumbani Rumonge, na kaka yangu Yusufu alikuwa amekuja likizo kutoka Ubelgiji baada ya miaka mingi. Tulimwita Yaya, kama tunavyowaita kwetu ndugu wakubwa, wa kike na wa kiume. Mjomba Saidi, aliyetulea baada ya baba kufariki, alikuwa amekwisha kutangazia soko zima kwamba mpwa wake ni mtu wa biro, yaani yuko ofisini huko, ana meza yake mwenyewe. Yaya alipoulizwa hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu kwamba angetuandalia kwa mikono yake chakula cha watu wa Hawaii, visiwa vya mbali kabisa, ambacho siku hizi Wazungu wanakipangia foleni.

"Nataka samaki mubichi, Mama," alisema. "Mubichi kabisa."

Mama alifurahi. Kwetu samaki ni mkavu au mbichi. Mkavu ni ndagala wa kwenye gunia. Mbichi ni yule aliyetoka ziwani asubuhi, anayekwenda kukaangwa. Alishuka ziwani mwenyewe, akatuletea sangala mnene.

Hapo mateso yakaanza. Yaya alitoa minofu ya yule sangala akaipeleka kwenye friza ya jirani yetu muuza fanta, ikakaa humo wiki nzima, eti baridi kali inaua wadudu. Mama alibaki mdomo wazi: mtu anatafuta samaki wa leo ili amfanye wa wiki jana! Siku ya kula ilipofika, mimi ndiye niliyekimbizwa. Nilileta parachichi, likawa laini mno, rudisha. Nilikaanga ufuta, ukaungua, anza upya. Wali nao ulimwagiwa siki na sukari, kisha nikapewa kifuniko cha ndoo niupepee mpaka upoe. Nyumbani kwetu tulizoea kupepea moto. Kupepea wali upoe huku watu wana njaa niliona ni wazimu, na nilisema hivyo kwa sauti.

Yaya hakunisikia. Alikuwa anakata samaki huku anapiga mluzi, na vipande vilitoka sawasawa kama sabuni za dukani. Tangu afike sikuwa nimemwona na furaha kiasi kile.

Alipanga kila kitu kwenye mabakuli, wali chini, samaki, tango na parachichi juu, akanyunyizia ufuta, kisha mafuta ya ufuta na mchuzi mweusi wa soya alivyokuja navyo kwenye sanduku. La kwanza alimpa Mama kwa mikono miwili.

"Inaitwa poke, Mama."

"Nipokee nini?"

Mjomba alichomoa kipande kwa vidole akakiinua kwenye mwanga. "Hii samaki iko mubichi!"

"Si nilisema mubichi?"

"Mubichi ya kupika, si mubichi ya kula! Nani anakulaga hivi?"

"Watu mingi, Mjomba. Na mimi kule, kazi yangu..."

Mama hakumwacha amalize. Alikusanya mabakuli yote, akawasha upya mbabula, jiko letu la makaa, akabandika karai la mawese. Yalipochemka alimimina kila kitu humo: samaki, tango, parachichi, na wali wangu.

"Samaki inapikwa," alisema. "Tukule, basi."

Nililia kwa hasira. Yaya alikula sahani mbili, akashukuru, "Murakoze, Mama," na siku chache baadaye akarudi Ubelgiji.

Nilikuwa mtu mzima nilipoona picha yake mtandaoni, amevaa aproni, amesimama nyuma ya mabakuli yaleyale kwenye mgahawa. Ndipo nilipoelewa. Siku ile Yaya alikuwa anatuonyesha kazi yake, kwa sababu kuisema kwa mdomo kulimshinda. Nikamwendea Mama, ambaye sasa naishi naye, nikamweleza yote. Hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua," alisema. "Niliona mikono yake. Mutu wa biro hana alama za kisu vile. Mjomba wako angemucheka Rumonge yote ijue. Nikamufunika."

"Lakini Mama, yeye alitaka kukwambia!"

"Si angesema?"

"Ulimkatiza!"

Alinyanyua mabega, akaendelea kuchambua maharagwe. Niambieni, watu kama hawa unawafanya nini?

Mjomba amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na hakuna tena wa kufichwa. Hata hivyo, kila Ijumaa Mama na Yaya wakipigiana simu ya video, Mama huuliza, "Biro iko muzuri?" naye hujibu, "Iko muzuri, Mama." Mimi niliyeshika simu natamani kuwagonganisha vichwa. Ijumaa iliyopita Yaya alikuwa na plasta mpya kidoleni. Mama aliitazama kwa muda mrefu, na mimi nikasubiri, nikijua sasa atasema.

"Mwanangu," alisema, "uangalie hizo makaratasi. Zinakataga."