Kichupa Alichokiosha Papa Kabera

Kwa miaka ishirini na mitatu Papa Kabera amekuwa akipima maziwa ya watu wengine. Kila asubuhi wachungaji wanashuka na madumu yao mpaka kibanda chake cha kutengenezea jibini, juu kidogo ya Mushaki. Anamimina maziwa kidogo katika bilauri, anaongeza alikoli, anatikisa. Yakishika vidonge, yameanza kuchacha, na dumu linarudi lilikotoka. Siku moja alimrudishia Bisengimana, shemeji yake mwenyewe, madumu mawili mbele ya watu. Bisengimana akasema hata padri husamehe. Kabera akamjibu kwamba padri hatengenezi jibini.

Ni kaka mkubwa wa baba yangu, kwa hiyo ninamwita Papa mukubwa. Mvua zilipoanza mwaka huu, aliacha kukaa. Alikula amesimama. Aliongea huku akitembea. Aligeuza majibini kwenye rafu, hata yale aliyoyageuza saa moja kabla. Mkanda wake ulifungwa kwenye tundu jipya alilolitoboa kwa msumari.

Mke wake, Mama Daphrose, alikuja kunitafuta kwenye kituo cha afya, ninakofanya kazi ya maabara. Aliuliza habari za mama yangu, za mbuzi wetu, za barabara ya Sake, ndipo akasema: ameona damu chooni mara tatu, na haikuwa yake.

Kwetu watu wa ng'ombe hilo si jambo dogo. Wazee walikataza mtu anayetoka damu asisogelee maziwa, wakisema ng'ombe watadhurika. Kabera husali kila Jumapili na asingekubali kwamba anaamini hayo. Lakini aliwajua wenye madumu. Wakisikia, nani angemletea maziwa? Na nje ya kile kibanda hakuwa na mahali pengine pa kuwa Kabera.

Tulikuwa na tepe za kupima damu iliyofichika katika choo kikubwa. Ndani ya utepe mna chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba hata hadubini yangu haizioni, na kila chembe imevishwa kitu kinachonasa damu ya binadamu. Zikikusanyika mahali pamoja, jicho linaona mstari mwekundu. Mstari wa juu hutokea kila mara, kuonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Ukitokea na wa chini, kuna damu.

Mimi, binti wa mdogo wake, nimwulize baba mkubwa habari za choo chake? Sikuweza. Nilimpa Mama Daphrose kichupa chenye maji kidogo ndani, nikamweleza kijiti cha kuchotea choo kinavyotumika huku nikitazama kucha zangu, nikarudi kazini.

Kesho yake alikirudisha. Nilidondosha yaliyomo kwenye utepe. Yalikuwa mazito, yakapanda nusu ya njia, yakasimama. Hapakutokea mstari wa juu wala wa chini. Kabla sijamweleza kwamba kipimo kimeharibika, Mama Daphrose alichungulia, akaona weupe mtupu, akamshukuru Mungu na kutoka mbio.

Nilipofika kibandani jioni, Papa mukubwa alikuwa ameketi. Ndicho kilichoniumiza zaidi. Ameketi kwenye kigoda, amenyoosha miguu, anakula viazi.

“Umulisa, karibia. Nasikia karatasi yako iko mweupe kama robe ya binti wa komunyo ya kwanza.”

Nilimwuliza alifanyia nini yale maji yaliyokuwa katika kichupa.

“Nilimwaga. Muntu anaweka kitu mu chupa bila kuosha? Nilioshaka na maji ya moto, nikageuza pa jua, nikatia maji safi kidogo.” Akanionyesha uchaga ambapo ndoo za maziwa zilikuwa zimeinamishwa zikauke.

Nikamwambia kwamba yale maji yalikuwa dawa ya kipimo. Utepe haukusema kwamba ni mzima. Haukusema kitu.

“Hakuna mustari, hakuna ugonjwa,” alisema, akacheka, akachukua kiazi kingine.

Sijui nilipata wapi sauti. “Papa mukubwa, kama mu chupa ya alikoli muntu ametia maji tu, na maziwa haishike vidonge, utayapokea?”

Aliacha kutafuna. Kisha akasimama, akaanza kutembea.

Alizunguka rafu mara tatu kabla ya kuuliza mistari miwili ikitokea inakuwaje. Nikamweleza: Goma, daktari wa tumbo, kamera ya kuchungulia utumbo. Huenda ni jeraha tu. Huenda ni uvimbe, na ukikutwa mapema unakatwa. Akataka kujua ile dhahabu niliyomwambia imo katika utepe, je, inaweza kutibu? Nikamwambia niliyoyasoma nilipoandika memwari yangu ya kumaliza masomo: kuna bakteria wa kinywani anayeonekana pia katika baadhi ya uvimbe wa utumbo, akiusaidia kukua, na watafiti wanatengeneza chembe ndogo kama hizi za kumfuata huko na kumpelekea dawa. Mpaka sasa wengi wanazijaribu kwa panya.

“Kumbe panya ya Wazungu iko mbele yangu mu foleni,” alisema. “Na dhahabu inatoka mu machimbo ya Walikale, inazunguka dunia, inarudi kunichungulia matako.”

Mama Daphrose alificha uso katika kitenge. Sikujua kama anacheka.

Safari hii kichupa kipya nilichompa alikileta mwenyewe, hakijaoshwa. Hakukubali kiti. Alitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, na mimi nilihesabu dakika nikiutazama utepe. Mstari wa juu ulitokea. Wa chini ulichelewa, ukawa hafifu, kisha ukakolea.

“Mbili,” alisema kabla sijafungua kinywa.

Asubuhi iliyofuata wachungaji walimkuta amevaa koti la safari, pikipiki ikimsubiri. Alimpa Mama Daphrose bilauri na chupa ya alikoli. Kisha akawaambia wazi kwamba anatoka damu, kwamba anakwenda Goma, na mwenye kuhofia ng'ombe wake asiache maziwa hapa. “Mulizoea niwapime. Nami nimepimwa. Yangu imeshika vidonge.”

Wawili walibeba madumu yao wakaondoka bila kuaga. Bisengimana alibaki amekanyaga tope. Mwishowe akatua dumu lake mbele ya Mama Daphrose.

“Pima, dada,” alisema. “Na usihurumie.”

Kabera alipanda pikipiki, akashuka, akarudi ndani. Tulimsikia akigeuza majibini ya rafu ya chini, moja baada ya jingine, na dereva akipiga honi.