Maji Niliyokunywa kwa Mjomba

Sisi tuliokulia Kasongo wakati nchi ikiitwa Zaire tulikuwa tukiianza kila siku mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa chuoni, tukisoma Kurani alfajiri, mikeka ikiwa bado na ubaridi wa umande, kila mtoto na ubao wake alioufuta jana yake na kuuanika juani. Mara ya pili ilikuwa shuleni, mbele ya bendera, tukiwa tumeshapita nyumbani kumeza kipande cha muhogo na chai ya rangi. Baina ya chuo na shule tulivuka soko, na humo harufu zilitupokezana: mawese, samaki wakavu waliotoka Nyangwe, mchele mpya, mavumbi ya pumba. Nasema "sisi" kwa sababu sikuwa peke yangu. Nilikuwa na Mwamini, binti wa mjomba wangu Ramazani, aliyeletwa kwetu kutoka Kabambare ili asome. Kwa miaka sita tulilala mkeka mmoja, tukajifunika kikwembe kimoja na kugombana kila asubuhi juu ya nani aliyekivuta.

Wenzangu wa rika letu wataikumbuka nzango: wasichana wawili wanatazamana, mikono inapiga makofi, wimbo unashika kasi, wote wanaruka na kutoa mguu, na mguu unaotokea ndio unaoamua mshindi. Mwamini alikuwa hashindwi. Mimi nilikuwa nikishindwa kwa miguu, kisha naanza kubisha kwa mdomo: mguu ulitoka mapema, wimbo haukuwa umekwisha, mwamuzi ni binamu wa mshindi. Ndipo wenzangu wakanibandika jina la Juji, yaani hakimu.

"Juji amefika," walisema wakiniona. "Muchezo imekwisha, sasa tunaingia tribinali."

Mwamini hakubisha kamwe. Yeye alikuwa na pini. Ilikuwa pini moja ya kufungia nguo, aliyoichomeka daima kwenye upindo wa sketi yake ya shule, na kila mtoto wa mtaa wetu aliyeingiwa na funza alikuja kukaa mbele yake na kumpa mguu. Aliipitisha pini motoni, akamtoa funza mzimamzima na kifuko chake, akapaka mawese yenye chumvi, akasema, "Tembea." Waliolia hakuwabembeleza, wala hakuwacheka. Alikuwa akisema atasomea uuguzi, kwa sauti ileile ambayo mtu husema kesho atakwenda mtoni.

Tulipofika sekondari tulipata mwalimu wa Kifaransa aliyetufundisha jinsi hotuba inavyojengwa: utangulizi wa kulainisha masikio, masimulizi, hoja, kanusho la hoja za mpinzani, na hitimisho la kugusa moyo. Kila Jumamosi, baada ya kazi ya lazima ya salongo, mikono yetu ikinuka majani tuliyokuwa tukiyafyeka kwa ajili ya serikali, alituweka makundi mawili na kutupa jambo la kushindania. Niliwahi kutetea mto dhidi ya barabara, na juma lililofuata nikatetea barabara dhidi ya mto. Nilishinda mara zote mbili, nikapewa kalamu ya risasi nyekundu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na niliamini kwamba hakuna mlango usiofunguka mtu akiyapanga maneno yake vizuri.

Likizo kubwa ya mwaka ule Mwamini alikwenda kwao. Shule ilipokaribia kufunguliwa, mfanyabiashara mmoja alituletea karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye mistari miwili kwa mwandiko wake: "Baba amesema sitarudi. Ukuje wewe." Mfanyabiashara ndiye aliyetueleza mengine. Mjomba alikuwa amefungua butiki. Wachimbaji dhahabu walikuwa wakimiminika kutoka Kivu, wakinunua sabuni, betri na vidonge, na katika nyumba yote ile ni Mwamini peke yake aliyeweza kusoma maandishi ya sanduku la dawa. Kile tulichokuwa tumempa shuleni ndicho kilichomfanya asirudi shuleni.

Niliandika kurasa tatu. Nilizihifadhi kwa kuzisomea mpunga wa nyuma ya nyumba, uliosikiliza vizuri kuliko darasa. Mama yangu, dada wa tumbo moja wa mjomba, alinitazama kwa siku mbili nikienda na kurudi.

"Wewe ni mwipwa wake," alisema mwishoni. "Mujomba hawezi kukukatalia, ukiomba vile inaombwa."

Nilimjibu kwamba najua. Nilidhani anasema juu ya utangulizi na hitimisho. Naye alidhani najua anachokisema, kwa maana katika ukoo wake hakuna aliyewahi kufundishwa jambo lile. Watu walikua wakiliona. Mimi nilikulia chuoni na shuleni.

Kaka yangu Saidi alinipakia kwenye kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli, tukaenda siku mbili na nusu. Penye mchanga tulisukuma, penye kijito tuliibeba. Siku ya mwisho chupa yetu ilipasuka kabla ya saa tatu, na jua la njia ile halina huruma kwa mtu anayerudia hotuba moyoni. Tulipoingia uani kwa mjomba, ulimi wangu ulikuwa umeshikamana na kaakaa.

Mjomba alikuwa barazani na jirani yake. Aliinuka, jambo ambalo mtu mzima hamfanyii mtoto isipokuwa mtoto wa dada yake.

"Karibu, mwipwa. Muko wazima kule Kasongo?"

"Tuko wazima, mujomba. Mama anasalimia sana."

Mwamini alitoka jikoni na kikombe cha bati jeupe. Alinipa kwa mikono miwili, akapiga goti, akanitazama usoni kwa muda ambao ningepaswa kushangazwa nao. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nikayamaliza yote, nikamwomba mengine, nikayamaliza na hayo.

Mjomba alijinyoosha kitini kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi ni salamu tu," alisema. "Mimi nilishaanza kuogopa."

"Mwipwa akitoka mbali hivi," jirani akasema, "mutu anaanza kuaga mbuzi yake."

Wakacheka, nami nikacheka nao, bila kujua kwamba nilikuwa nimekwisha kushindwa. Kwa watu wa upande wa mama yangu, mgeni aliyekuja na ombi hagusi maji anayopewa. Hukiweka kikombe chini, kando ya mguu wake, na kunyamaza. Mwenyeji akikiona huuliza, "Unaleta neno gani?" Neno likisemwa na kukubaliwa, mwenyeji hutamka, "Kunywa." Asipokubali, mgeni huondoka na kiu yake, na aibu hubaki na nyumba, na mjomba anayemwacha mwipwa wake aondoke na kiu huisikia aibu hiyo mpaka msibani kwake. Lakini anayekunywa amesema kwa kinywa chake kwamba hakuja na kitu.

Nilisimama, nikatoa hotuba. Sikusahau hata neno. Niliusifu ukarimu wa mjomba, nikasimulia mwanzo wa elimu ya wasichana, nikakanusha hoja tatu ambazo hakuna aliyezitoa, nikamalizia kwa taifa ambalo haliwezi kutembea kwa mguu mmoja. Mjomba alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama kidogo, tabasamu likizidi kukua. Nilipomaliza alipiga makofi, akatuma watu waitwe.

"Mukuje musikie mutoto wa dada yangu. Mutoto huyu anasoma kweli. Rudilia, mwipwa. Ile ya mwisho, ile ya taifa."

Nilirudia mbele ya uwanja uliojaa. Walipiga makofi tena. Ndipo nikasema, kwa sauti ambayo haikuwa na utangulizi wala hitimisho, "Na Mwamini, mujomba?"

"Mwamini amefanya nini?"

"Arudi shule."

Watu walitazama chini. Mjomba hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Umekunywa maji yangu, mwipwa. Mara mbili. Sasa unataka nifanye nini? Nikubali neno yenye haikuletwa?"

Tulipoondoka alinipa kuku jike na kilo kadhaa za mchele. Mwamini alitusindikiza mpaka njia panda, akiwa amemkumbatia kuku wangu.

"Yale maji niliyaweka kwenye jua," alisema. "Nilisikia mumelala kijiji cha karibu, nikayatoa asubuhi. Nilisema yakikuwa moto hautayapenda, utaweka kikombe chini, utakumbuka."

"Nilikuwa na kiu."

"Nimeona."

Mama alipopata nafasi ya kwenda mwenyewe, mvua zilikuwa zimekwisha kuikata njia, na alipofika, mwaka wa shule ulikuwa umepita. Aliweka kikombe chini; kaka yake akasema, "Kunywa." Lakini Mwamini mwenyewe alikataa. Hakutaka kukaa benchi moja na watoto aliowatoa funza. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Nilizani unajua," na maneno hayo yamenitembeza zaidi ya lawama yoyote. Hata leo sijui kukaa mahali pamoja. Wanafunzi wangu hucheka kwamba somo langu hupimwa kwa hatua, si kwa saa.

Kwa maana nimekuwa mwalimu, na ninachofundisha, nayasema haya bila fahari, ni utetezi: jinsi ya kumshawishi chifu, mbunge, mkuu wa shule. Vijana wangu ni hodari. Sisi tulitembea siku mbili na nusu ili tumwombe mtu mmoja. Wao hukusanya majina mia kwa kidole gumba kabla chai haijapoa, na jambo likigoma hubadilisha picha ya simu na kuendelea na jingine. Katika kila semina meza hupangwa chupa za maji, moja kwa kila mtu, na kabla mkuu yeyote hajafungua mdomo wote wameshakunywa. Yangu haifunguliwi. Wanadhani naogopa baridi ya meno.

Mwezi uliopita nilipanda pikipiki kwenda Kabambare. Njia ni ileile. Tope lake tu limejifunza kumeza na magurudumu yenye injini. Mwamini sasa ndiye mwenye butiki. Nilikuwa nimesikia kwamba mjukuu wake Zaituni amemaliza sekondari na kwamba hataendelea: ndiye anayeijua mashine ya kuchaji simu, ndiye anayeelewana na wateja vijana. Nilipoisikia habari hiyo sikulala vizuri, nikamwandalia Zaituni nafasi katika shule ya sheria Kindu, nikampigia simu kila niliyemjua. Hotuba sikuandika.

Mwamini alinikalisha barazani, akaniletea maji mwenyewe. Yalitoka kwenye frigo ya jua, friji inayotumia umeme wa jua, kikombe kikitoka jasho. Nilikuwa na kiu kama ya siku ile. Nikakiweka chini, kando ya mguu wangu.

"Tate, kunywa," Zaituni aliniambia, tate kwetu ikiwa ni bibi, bila kuinua macho kutoka kwenye simu. "Iko ya frigo, haina wadudu."

"Mwache," Mwamini akasema. "Yeye anajua."

Alihudumia wateja wawili, akafuta meza isiyokuwa na vumbi, akarudi kukaa.

"Unaleta neno gani?"

"Zaituni," nikasema.

Alikitazama kikombe.

"Siku ile kwa baba, mimi nilikuwa jikoni. Hotuba yako sikuisikia. Nilisikia makofi tu. Unaikumbuka?"

Niliikumbuka yote. Nilimtolea nikiwa nimekaa, kwa sauti ya chini: ukarimu, elimu ya wasichana, hoja tatu, taifa na mguu wake mmoja. Zaituni aliacha simu. Mwamini alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama kidogo, kama baba yake.

"Iko muzuri," alisema. "Na mimi niko wapi mule ndani?"

Nilitafuta. Nilizipitia kurasa tatu, mstari kwa mstari, kwa uangalifu wote ninaolipwa kwa ajili yake. Hamkuwa na pini wala mawese yenye chumvi, na uuguzi haukutajwa. Jina lake lenyewe nililitamka baada ya makofi.

Mwamini akaendelea.

"Kunywa, dada. Mutoto ataenda. Lakini muulize kwanza anataka kusoma nini."

Nilikuwa sijamwuliza. Nikamgeukia Zaituni na shule yangu ya sheria ikiwa bado mdomoni, naye akasema, kama mtu anayesema kesho atakwenda mtoni, kwamba anataka kujifunza kutengeneza frigo za jua, kwa sababu ile ya nyumbani imeshaharibika mara tatu na fundi hutoka Kalemie.

Nikakiinua kikombe. Maji ya sasa ni safi kuliko ya zamani, ni ya baridi, na haya nilikuwa na haki ya kuyanywa. Nilipoyameza, ulimi wangu uliutafuta ule uvuguvugu wa maji yaliyokaa juani tangu asubuhi. Mwamini alinyoosha mkono akakipokea kikombe, akachungulia ndani kama anayehakikisha kwamba nimemaliza, akauliza, "Nikuongeze?"