Bwawa Kabla ya Maji

Jirani anajenga, na harufu ya simiti mbichi imeniingilia hadi jikoni. Nimeacha kumenya viazi.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa bwawa la kuogelea la klabu ya wazungu, hapa Thika. Jumapili moja, bwawa likiwa bado kavu, alinishusha mpaka chini kabisa, akanilaza kifudifudi juu ya magunia matupu. Yeye alijifunza kuogelea jeshini, wakati wa vita.

"Piga miguu," aliniambia. "Sukuma maji nyuma."

"Maji gani, baba?"

"Yatakuja. Wamesema watoto wetu watapewa siku yao ya kuogelea."

Nilipiga miguu mpaka magoti yakachubuka. Baba alicheka, akaniita samaki.

Maji yalikuja, lakini seng'enge ilitangulia. Niliyasikia tu kwa mbali, watoto wao wakiyarukia na kupiga kelele. Kisha askari wa mkoloni wakaja mtaani kwetu na lori, wakisaka Mau Mau, wakamchukua baba na wanaume wengine. Hakurudi.

Mjukuu wangu ameingia sasa hivi, taulo begani, nywele zinachuruzika.

"Shosho, wewe unajua kuogelea?"

"Najua. Baba alinifundisha."

Maji yenyewe sijawahi kuyaingia hadi leo.