Ilunga Hakuvuka Ziwa

Kama unataka kucheka, toka nje ucheke, kisha rudi usikilize. Haya si maneno ya kulaza watoto. Yalinipata mimi, muchana, jua likiwa juu, na harufu yake haijanitoka puani. Na ukisikia sauti yangu inapanda, univumilie. Miaka imepita, hasira haijapita.

Mimi ni mutu wa ng'ambo, wa Kilwa ya Zaire, si ile ya pwani. Miaka ile ya sabini nilivuka ziwa Mweru kutafuta kazi upande wa Zambia, nikafika Nchelenge, nikaipata kwenye kampuni moja ya mbao. Jina lake sitalitaja. Ilikuwa na shamba kubwa la mikaratusi, mbali kidogo na ziwa, na sisi vibarua wa kiangazi kazi yetu ilikuwa moto. Watu wanafikiri kazi ya moto ni kuzima tu. Hapana. Mwezi wa tano na wa sita, majani yakiwa bado na ubichi kidogo, tulilima njia mbili kwa jembe kuzunguka miti, halafu tukachoma majani yaliyo katikati, pole pole, upepo ukiwa umelala. Moto mukubwa wa mwezi wa kumi ukija, unakuta hakuna chakula, unakufa wenyewe. Mumoja anatangulia na kopo la moto, kopo la bati lenye mafuta na mudomo murefu unaodondosha matone yanayowaka. Wengine wanafuata na mafagio ya mpira, wanapiga moto unaotaka kutoroka.

Kwenye kikosi, watu wa ng'ambo tulikuwa wawili tu, mimi na Ilunga. Wengine wote walisema Kibemba. Yeye alikuwa mudogo kwangu, akaniita yaya, yaani kaka mukubwa kwa lugha ya kwetu. Alikuwa ameoa Mwape, mwanamuke wa Kashikishi aliyeuza samaki wakavu sokoni, na walikuwa na mutoto mumoja wa kike. Alimupenda bibi yake mpaka tulikuwa tunamucheka. Jioni sisi tunatafuta pombe, yeye anakimbia nyumbani.

Bon, basi. Mwaka mumoja tulichelewa kuchoma. Unajua juu ya nini, kwa sababu gani? Juu ya kapita, musimamizi wetu. Meneja alikuwa safarini, na kapita akatuondoa kwenye majani, akatupeleka kufyatua matofali ya nyumba yake! Tukafyatua, tukafyatua, majani yakakauka kama karatasi. Meneja aliporudi akaanza kufoka, na kapita, kwa woga, akaamuru pachomwe siku ile ile, saa za upepo. Mimi nililala nyumbani na malaria, natetemeka chini ya blanketi. Ilunga alikuwa amepewa kopo, ametumwa kwenda upande wa bonde. Kapita hakungoja arudi. Hakuita majina. Aliwasha upande wa upepo, na moto ukaondoka kama gari lisilo na breki.

Jioni watu walirudi wote isipokuwa yeye.

"Nimemuona kwa macho yangu," kapita aliwaambia. "Anakwenda Kashikishi, na kopo la kampuni mukononi. Ameiba, amepanda mashua, amekwenda kwao. Watu wa Zaire ndivyo walivyo."

Sasa unaona hasira yangu inatoka wapi? Mutu wa ng'ambo akipotea, nani atamutafuta? Ziwa liko pale, kila uongo unatupwa ndani ya ziwa. Nilipopata nguvu nilikwenda kule bondeni, nikazunguka, nikakuta majivu. Nikatuma neno Kilwa kwa wachuuzi wa samaki. Mama yake akajibu kwamba hajamuona. Kapita akasema basi atakuwa Lubumbashi, na mwanamuke mwingine. Mwape je? Hakuweza kulia matanga, maana hakuna maiti. Hakuweza kuolewa tena, maana ana bwana. Sokoni wenzake walimuchekea nyuma ya mugongo, na mutoto wake akaitwa mutoto wa mwizi.

Mwaka uliofuata tulichoma kwa wakati wake. Siku moja meneja alikuja mwenyewe, akatuonyesha mustari mupya wa kuchoma, karibu na bonde lile, pale penye kichuguu kikubwa. Kapita alitaka kubisha, meneja akamunyamazisha. Mimi nilikuwa na kopo. Baada ya chakula cha muchana upepo uligeuka kidogo, moshi ukanifunika, nikapoteza wenzangu. Nikasimama ningoje upungue, machozi yananitoka.

"Yaya."

Nani kwenye kikosi kile angeniita yaya? Nikageuka. Ilunga alikuwa amesimama pale tulipokwisha kuchoma, miguu mitupu juu ya makaa mekundu. Hakohoi. Macho yake makavu. Shati ni lile lile la kazi, lenye kiraka begani alichoshona Mwape.

Niamini, sikukimbia. Mudomo wangu uliuliza kabla kichwa hakijaelewa: "Mudogo wangu, ulirudi siku gani?"

"Nirudi kutoka wapi?" akasema. "Sikuenda. Juu ya nini munasema nilivuka?"

"Si mimi niliyesema."

"Bibi yangu anaambiwa nimemuacha! Mutoto wangu anaambiwa baba yake ni mwizi! Na weye, yaya, unapita hapa na kopo lako, unanipita."

Nimesikia watu wakisimulia wafu wanaolia, wafu wanaoomba chakula. Huyu hakulia na hakuomba. Alikuwa amekasirika kama mutu aliyetukanwa mbele ya wakwe zake. Akanishika mukono wa kushoto. Baridi yake! Kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Akanivuta katikati ya moshi, na ndimi za moto zikalala pembeni kama majani yanayokanyagwa. Tulipofika kwenye kichuguu akaniachilia. Nikapangusa macho. Hakuna mutu.

Chini ya kichuguu palikuwa na shimo la muhanga, yule munyama anayechimba usiku, mudomo wake umezibwa nusu na udongo wa mvua. Nikapiga magoti, nikachimba kwa mikono. Nikagusa bati. Nikavuta: kopo la moto. Nyuma yake kulikuwa na fuvu, uso unatazama nje. Aliingia miguu kwanza, unaelewa? Aliingia kinyumenyume ili auangalie moto upite, atoke. Moto ulipita. Moshi ndio ulioingia.

Nilitoka pale na kopo lile, nikamukuta kapita njiani, nikamukamata shati. "Ulisema alikwenda nalo Kashikishi!"

Nilitegemea atakataa. Nilitegemea atasema moshi umeniingia kichwani. Lakini aliliangalia kopo, akasema kwa sauti ndogo, kwa Kibemba, "Na iwe?"

Maana yake, na wewe pia! Umesikia? Alikuwa akimuona. Tangu mvua za kwanza, alisema, Ilunga alikuwa anamusimamia njiani, nyuma ya nyumba yake mupya, mulangoni kwake, anamuambia aseme. Na yeye anafumba macho, anapita. Miezi yote ile! Ndipo nilipomupiga. Nilimupiga mpaka wenzangu wakanishika, na mpaka leo nikiota ndoto nzuri, ni ile.

Mutu alikimbia kumuita Mwape. Alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, magamba ya samaki bado mikononi. Hakulia kwanza. Alisimama mbele ya kapita, aliyekuwa amekaa chini na mudomo unaotoka damu.

"Ulikuwa unakuja mezani kwangu," akamuambia. "Unachagua samaki, unaniuliza, 'Hajatuma hata salamu?' Ulikuwa unajua?"

Kapita akatazama chini.

"Ninakuuliza, ba tata, baba yangu. Ulikuwa unajua?"

Basi Mwape akamuacha, akaenda akakaa karibu na shimo, akavua kitambaa kichwani, na kile kilio walichomunyima mwaka muzima kikatoka. Wanaume wazima tulishindwa kusimama karibu.

Meneja alitupa mbao za sanduku na akatuomba tusipeleke maneno mbali. Polisi walikuja, wakaangalia, wakarudi. Tulimuzika Ilunga upande wa juu wa barabara, mama yake alivuka kutoka Kilwa, na mutoto alitupa udongo kama mutoto wa mutu, si wa mwizi. Kapita aliondoka na kamyo, lori la samaki, kwenda migodini, akaiacha nyumba yake ya matofali bila hata kufunga mulango. Watu wananiuliza kama Ilunga alimuacha baada ya kuzikwa. Mimi sijui. Natumaini hakumuacha.

Kazi ile niliiacha juma lile. Mukono huu wa kushoto, uangalie, shika. Tangu siku ile hausikii moto. Naweza kushika kaa la moto, ngozi inaungua, ninaona inaungua, na sisikii kitu. Makovu haya yote ni hayo. Bibi yangu haniruhusu kushika chungu mekoni. Na kila mwezi wa sita, moshi unapoanza kupanda nyuma ya Nchelenge, nafunga mulango nakaa ndani, maana nikimuona kapita yeyote na kopo mukononi, damu inanipanda.

Sasa wewe unayenisikiliza, hata kama huniamini kuhusu mufu, niamini kuhusu mambo mengine. Ukitumwa kuwasha moto, ita watu kwa majina kwanza, na usiwashe mpaka kila mumoja ameitika. Mufu akikuita, mufuate. Hana nguvu ya kukufanya kitu kibaya kuliko kile utakachojifanyia ukifumba macho. Na mutu wa mbali akipotea kwenu, usiseme amekwenda kwao mpaka kwao waseme amefika.