Gitare ya Bure ya Godelieve

Kama unatafuta muntu mwenye sauti Kalemie, usitembee tena, umenipata. Ninaimba sauti ya chini ndani ya korali yetu, na nikiishusha kabisa, madirisha ya kanisa inatetemeka. Lakini leo sijisifu, nitajisifu siku ingine. Leo ninasema juu ya Godelieve, fundi wa kushona wa kule Kataki, mwanamuke hajui kupiga hata filimbi, na bado anatunga nyimbo.

Baba yake alifanya kazi ya treni. Yeye anashona iniforme za watoto wa masomo. Ordinateri yake, ile kompyuta, ilitoka kwenye biro, ofisi moja yenye ilikuwa inatupa vitu vya zamani: batri ilishakufa, bila kurani ya umeme haiamuki. Ndani aliweka programu ya bure ya kutengeneza muziki, na vyombo vya bure: ngoma, besi, kinanda. Yote imeandikwa Kiingereza. Godelieve hajui Kiingereza, anajua rangi. Kifungo cha rangi ya majani kinaimbisha, chekundu kinakamata sauti, kile cha pembeni usikiguse, siku moja kiliguswa na wimbo muzima ukapotea. Mwendo wa ngoma anaupata kwenye cherehani. Anakanyaga, anakanyaga, akiusikia muzuri anaruka mbio kwenye ordinateri kabla haujamutoka kwenye muguu.

Sasa sikia shida. Kwetu, wimbo mupya unasikilizwa na komite mara tatu, mwenye kuutunga anakaa inje. Mara ya tatu, kama wamama wazee wanaingiza sauti zao bila kuombwa, wimbo umepita. Kama wananyamaza, umekufa. Nyimbo mbili za Godelieve zilishakufa vile, sababu alizirekodi bila gitare, na kwa komite wimbo bila gitare ni kinywa tupu. Mupiga gitare wetu alituacha, akaenda kuchimba Manono. Papa Adalbert, mukubwa wa korali, akamwambia mbele yetu sote:

"Mama Godelieve, na ya tatu ikikufa, uache kutunga. Utaimba tu kama wengine."

Mie ningeambiwa vile, ningehama korali siku ile ile, na wangelia. Yeye alirudi kwake, na siku mbili cherehani haikusikika.

Njo hapo nikamuletea gitare. Gitare ya bure, ya kuweka ndani ya programu. Nilimwambia inapiga kuliko yule wa Manono, na kweli inapiga. Sikujua tu kama ilikuwa ya kuonja, ile wanakupa ujaribu mbele ya kulipa. Kila dakika moja inanyamaza, na vyombo vingine vyote pamoja nayo, sekunde ine, kisha inarudi kama haikufanya kitu.

Wimbo ulikuwa wa dakika tatu na nusu. Basi gitare itanyamaza mara tatu, upende usipende. Wiki muzima Godelieve alisogeza wimbo kama muntu anasogeza kabati ndani ya chumba kidogo. Kimya ya kwanza akaiangusha kwenye mwisho wa shairi. Ya pili, vile vile. Ya tatu ikabakia katikati ya pambio, pale watu wanataka kupanda. Akipunguza mwendo, ya tatu inakaa muzuri na ya kwanza inaharibika.

Jumamosi nilimukuta vile, saa nane. Komite inaikala saa tisa. Kurani ilikuwa inakuja na kurudi, balbu inafifia, inawaka, inafifia.

"Bertin, shika hiyo waya kwenye ukuta. Usiitikise."

Nikaishika. Na mie ni muntu wa heshima muji muzima.

"Ondoa gitare," nikasema.

"Nikiiondoa, itakuwa wimbo wa tatu wa kinywa tupu."

"Basi uwaambie ni makusudi. Uwaambie ni stili."

"Hiyo kinywa yako njo iliniletea hiyo gitare. Shika waya."

Akafinya kifungo cha kutoa wimbo, tukaangalia ule musitari unajaa polepole. Balbu ikafifia karibu izimike. Ikawaka. Wimbo ukaingia kwenye flashi, na tukaenda mbio mpaka kanisani, mie mbele, sababu niko na miguu mirefu.

Tukaikala inje, kwenye banki ya mbao ya kukalia, karibu na mulango. Ndani bafle, ile spika kubwa, ikaanza. Mara ya kwanza, kimya. Hiyo ni kawaida. Mara ya pili, muntu akakohoa, kiti kikakwaruza. Kufika kwenye pambio gitare ikanyamaza, na tukasikia muntu anacheka kidogo. Godelieve akaangalia viatu vyake.

Mulango ukafunguka. Papa Adalbert.

"Gitare inakufa pale kwenye pambio. Ni kurani, ama ni wewe?"

Nikamufinya mukono. Stili, sema stili.

"Si kurani, papa," akasema. "Ni gitare ya bure, inanyamaza yenyewe. Zile kimya mbili zingine niliweza kuzificha. Hiyo ya tatu ilinishinda."

"Na huyu anakufinya?"

"Huyu njo aliileta."

Papa Adalbert akaniangalia murefu. Akarudi ndani, akafunga.

Mara ya tatu. Shairi la kwanza, hakuna sauti. La pili, hakuna. Godelieve alikuwa anahesabu na vidole juu ya kikwembe chake cha kitenge. Mie nikaendelea kumufinya mukono mwingine. Pambio ikaanza. Hakuna. Gitare ikanyamaza.

Ndani ya ile kimya tukasikia muntu anavuta pumuzi, murefu, kama anatoka chini ya maji. Gitare ikarudi, na Mama Jeannette, mumoja wa wale wamama wazee, alikuwa anaimba juu yake, ile sauti yake nyembamba yenye kupasuka, peke yake. Kisha mwingine. Kisha wote.

Godelieve hakulia. Aliniomba tu niache kumufinya mukono.

Juma yenye ilifuata tukaanza kuujifunza. Kwetu, vile wimbo ulisikika kwenye flashi njo vile unaimbwa, basi tukifika pale kwenye pambio kila muntu ananyamaza sekunde ine, na ngoma pia. Godelieve akasimama.

"Pale ni kosa la masini, mupite tu."

"Usiguse pale," Mama Jeannette akasema. "Miaka makumi tatu ninaimba hapa, hakuna mwenye alishanipa nafasi ya kupumua."

Papa Adalbert akatuambia turudilie pambio, na kimya yake.