Sindano ya Jumamosi, Kuku wa Jumapili

Upuzi wangu ulikuwa huu: Jumamosi nilijidunga dawa mpya ya kisukari, halafu Jumapili nikasafiri bila kutia kitu mdomoni, nikiamini tumbo tupu halina cha kutapika. Nesi alikuwa ameniambia dawa huchafua roho, nile kidogo kidogo. Lakini mimi ndiye bingwa wa vichekesho wa Kidato cha Tatu. Nesi ni nani?

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kwa Senge, dada yake marehemu baba. Alikuwa amehamia nyumba mpya Busia, na lazima mtu wa kwetu akaione. Mama hangeweza kuacha mitumba yake sokoni, kwa hivyo nikatumwa mimi.

Amagoro, asubuhi. Mama aliuliza, "Tumbo likoje?" Nikamjibu, "Liko likizo." Akacheka. Mandazi nikampa mbwa.

Malaba. Bodaboda aliniteremsha kando ya foleni ya malori. Dizeli huku, mayai yanakaangwa kule. Niliinama nyuma ya tairi, yakatoka maji machungu tu. Dereva Mganda akachungulia dirishani.

"Bwana ssebo, jana ulikunywa nini?"

"Maji ya baraka, mzee."

Alicheka mpaka akapiga honi. Halafu foleni ikasonga, akaenda zake. Nikabaki nimeshika magoti, na hakuna mtu Malaba nzima aliyejua naumwa nini.

Busia, mchana. Senge alikuwa amechinja kuku. Kwetu firigisi ni ya mwanaume wa heshima, na baba akiwa hayuko, iliwekwa kwa sahani yangu. Kuikataa ni kama kuaibisha boma letu. Nikala firigisi, paja, ugali, na mchuzi wenye mafuta yanayong'aa. Kisha nikakimbilia nyuma ya migomba, vyote vikarudi.

Nilikaa pale chini nikisikia binamu zangu wakicheka ndani. Nikaamua: sindano basi. Nitaitupa, na mama nitamdanganya.

Senge akanifuata. "Ni chakula changu?"

Mzaha ulikuwa tayari mdomoni. Lakini nikaona amekuja na sufuria ya mchuzi, anainusa.

"Hapana, Senge. Ni kisukari. Nimeanza sindano, inanichafua roho."

Aliketi kwenye majani na gomesi yake, lile gauni refu la kanisani. "Na ukakula yote hiyo?"

"Firigisi ilikuwa ya baba."

"Baba yako angeniambia, 'Dada, siwezi.' Lete namba ya nesi."

Kwa simu, nesi alisema nisiiache dawa bila kuwaona kwanza kliniki. Dawa hii inafanya tumbo limalize chakula polepole, kwa hivyo kukaa njaa halafu kujijaza ni kujitafutia balaa. Nile kidogo, nipunguze mafuta, nisimame kabla sijashiba, maji ninywe kwa funda. Nikitapika hata maji, nikimbie kliniki.

Jioni Senge alinipa uji mwepesi kikombe kidogo. "Usimalize," alisema. "Kwangu leo anayemaliza nitamchapa."

Amagoro, siku iliyofuata. Nilikuwa nimekula ndizi nusu njiani, ikakaa. Nilimkuta mama akikunja nguo, nikamweleza yote, pamoja na Malaba, pamoja na kutaka kuitupa. Sikuchekesha popote. Aliendelea kukunja shati lile lile, akilikunjua na kulikunja tena.

Kisha akasema: "Hiyo sura ya kuchekesha, wapatie Amagoro yote. Ile ya kutapika, niletee mimi."